Urefu wa Mama Mkwe

1

Simu ya Mratibu wa Wilaya iliita saa tatu asubuhi, wakati nabishana na mzee Chibago. Mzee yule akipanda mizani hushika ukuta ili apunguze kilo. Ukimwambia aachie anakuapia kwamba hajashika, na mkono uko palepale ukutani.

"Babu, shuka kwanza nipokee simu. Ukipanda tena, panda na mikono yako yote miwili."

Alikuwa Bi Theopista mwenyewe. "Yeremia! Hongera sana bwana, umetutoa kimasomaso."

"Nimefanya nini tena, Mratibu?"

"Wilaya nzima, watu elfu sitini wenye punje, anayeongoza kwa kuukaribia uzito unaomfaa ni wa kata yako. Damari Mbogoni. Kilo kumi na saba kwa miezi sita, hajarudi nyuma hata wiki moja! Jumamosi tunakuja na watu wa redio. Huyu mama ni nani kwako?"

"Ni mama mkwe wangu."

"Alaa! Kumbe sifa zinaanzia nyumbani," akacheka, akakata.

Mimi sikucheka. Mama Damari hakuwahi kuwa mnene. Miaka kumi na miwili nimeoa kwake, na ingawa sikuwahi kumkaribia, mtu mnene hata ukimwona toka ng'ambo ya shamba unamjua. Kilo kumi na saba alizipata wapi za kuzitoa?

Nikalifungua jalada lake kwenye kioo. Uzito wa wiki hii, kilo arobaini na saba. Shabaha, kilo arobaini na tatu. Urefu, sentimita mia moja na arobaini. Pembeni mwa urefu huwa kuna jina la aliyepima, na jina lilikuwa langu. 

"Babu, nenda nyumbani," nikamwambia mzee Chibago.

"Mizani imeharibika?"

"Mizani ni nzima. Nenda tu, babu yangu, utarudi kesho."

2

Nieleze kidogo, maana watoto wa siku hizi wanadhani binadamu aliumbwa na punje mkononi.

Zamani kila mtu alikuwa na shangazi wa kumpima. Shangazi akikuona harusini anasema umenenepa, akikuona msibani anasema umekonda, na siku zote mbili una kilo zilezile. Waganga wa enzi hizo walikuwa na hesabu yao. Unachukua kilo zako, unazigawanya kwa urefu wako wa mita, jibu unaligawanya tena kwa urefu uleule. Likiangukia kati ya kumi na nane na nusu na ishirini na tano, una uzito unaokufaa. Kwa makadirio, lakini! Hesabu ile haimjui mzee na kijana, wala haijui nani analima na nani anakaa ofisini. Walijua hivyo, ndiyo maana waliitumia kama mlango wa kuanzia mazungumzo, kisha wakamwangalia mtu mwenyewe.

Ikaja punje. Ni kitu kidogo kama chembe ya mchele, muuguzi anakiweka chini ya ngozi ya mkono wa juu, nacho kinaishika hesabu ile kwa niaba yako. Ukizidi, kinakuondolea hamu ya chakula. Ukipungua, kinakutia njaa mpaka ule. Sitaitukana punje. Dada yangu aliacha sindano za kisukari kwa sababu yake, na katika kata yetu ya Ihumbwi watu wa presha wamepungua mpaka mganga wa zahanati analima zabibu. Ila punje haina macho. Inaamini urefu ulioandikwa na mpimaji, basi. Ukiandika urefu mfupi, itamkausha mtu akiwa mzima kabisa, na kila wiki itatuma taarifa kwamba anaendelea vizuri.

Sasa sikia aibu yangu. Kwetu mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Akipita yeye, wewe unaacha njia. Ukiingia uani bila kubisha, yeye anachuchumaa na kujifunika kanga mpaka upite. Salamu zinapitia kwa mke wako, au kwa ukuta. Kumgusa? Thubutu! Na kumgusa kichwa ndiyo usiseme kabisa, hiyo ni laana watu wataisimulia mpaka kwa wajukuu. Na mkwe kwetu si mmoja, dada zake wote ni wakwe.

Nguzo ya kupimia urefu ilitaka mtu asimame chini yake, kibao kishuke mpaka utosini, na mpimaji akikandamize kibao kwa kiganja chake. Kiganja ndiyo saini. Kulikuwa na fomu ya kuombea mpimaji mgeni endapo mpimwa ni mkweo, lakini mgeni angetoka mjini, na mimi nilikuwa na watu elfu moja na mia moja wa kupima kwa wiki mbili. Nikaona soo. Wakwe zangu walipofika, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikawachungulia wakipita uani, wameinama, kanga usoni. Nikajisemea huyu ana mia arobaini, yule mia thelathini na nane. Nguzo za mwanzo zilikuwa zinaangalia kiganja tu, hazikuangalia kilicho chini. Nikaweka gunia la uwele, nikashusha kibao nilipopataka, nikakandamiza.

Mwanamume wa miaka arobaini, mwenye cheti ukutani.

3

Mke wangu Sechelela alirudi kutoka kwa mama yake saa sita mchana, na hata kapu hakuliweka chini.

"Baba Lungwa, mama ameanguka. Ameanguka bustanini akichuma mlenda. Nimemwinua mwenyewe kwa mkono mmoja. Kwa mkono mmoja, unanisikia? Amevaa kanga tatu nisimwone mifupa."

"Anakula?"

"Anakula nini! Anasema ugali unamnukia udongo. Namlazimisha anameza matonge mawili, anatapika. Nikamwuliza mbona huendi zahanati, ananiambia zahanati wamempongeza." Akanikazia macho. "Mama yangu anakufa, na karatasi inasema anapona."

Ningeweza kunyamaza. Nakiri, nilifikiria. Lakini Seche alikuwa ananiangalia jinsi mtu anavyomwangalia fundi, akisubiri nimwambie ubovu uko wapi. Nikamweleza yote, gunia la uwele na mlango wa nyuma. Nilipomaliza, alilishusha kapu chini taratibu.

"Ulimkisia," alisema. "Ulimkisia mama yangu kwa macho, kama mbuzi wa mnadani."

"Nilimwonea haya, Seche."

"Mbuzi wa mnadani hushikwa mgongo angalau!"

Akachukua kamba ya katani na kisu, akatoka mbiombio. Alirudi baada ya saa moja na kamba imekatwa kwa urefu wa mama yake, tukaitandika sakafuni tukaipima. Sentimita mia moja na sitini na nane. Mama mkwe wangu alikuwa ananizidi urefu kwa vidole viwili, na mimi nilikuwa nimemwandika mfupi kuliko binti wa darasa la sita.

Nikaifanya hesabu kwa mkono, maana sikuiamini tena mashine wala nafsi yangu. Kwa urefu ule alipaswa kuwa kati ya kilo hamsini na mbili na sabini. Siku ile ya kwanza alikuwa na sitini na nne, mwanamke mwenye afya tele, hakuhitaji kupungua hata gramu moja. Leo ana arobaini na saba, jibu lake ni kumi na sita na kitu, na punje ilikuwa inataka kumshusha kilo nne nyingine.

"Itoe hiyo punje," alisema Seche.

"Ikitolewa inamwaga dawa yote ndani kwa pamoja. Ataacha hata kunywa maji."

"Basi badilisha namba."

"Namba ya urefu inabadilishwa na Nguzo tu. Na hizi Nguzo mpya zinaisoma punje na kiganja kwa pamoja. Lazima asimame yeye mwenyewe, na lazima mkono uwe uleule uliotia saini mwanzo, wangu, juu ya kichwa chake."

Seche aliweka kiganja mdomoni. Halafu nikaona uso wake unabadilika polepole, kama mtu anayehesabu watu waliokaa sebuleni na kukuta mmoja hayupo.

"Baba Lungwa. Wakwe uliopaswa kuwapima walikuwa wangapi?"

"Sita."

"Wote uliwakisia?"

"Wote."

"Na mama mdogo Loi?"

Loi, mdogo wa Mama Damari, tulikuwa tumemzika wiki tano kabla. Alikonda, akalala, hakuamka. Wazee walisema ni umri, zahanati wakaandika moyo. Mimi mwenyewe nilishika sepetu kaburini, nikasifiwa kwamba nimezika vizuri mkwe. Nilikaa chini palepale sakafuni, juu ya kamba. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini mimi kilio kilishapita mlangoni kwangu na sikukitambua.

4

Nilimpigia Bi Theopista, nikajifanya nauliza jambo la mtu mwingine.

"Mratibu, samahani. Mpimaji akigundulika alikisia urefu, inakuwaje?"

"Ni nani huyo?"

"Nauliza tu, kwa ajili ya mafunzo."

"Kiganja chake kinafungwa dakika hiyohiyo. Mkoa unaleta mpimaji mwingine kwa kibali. Siku ishirini na moja, wakijitahidi. Na huyo wako wa mafunzo anakwenda kujieleza mahakamani, hasa kama kuna mtu amedhurika." Akashusha sauti. "Yeremia, uko salama?"

"Salama kabisa, Mratibu."

Nilikata. Siku ishirini na moja! Mama Damari hakuwa nazo. Nikikiri kwanza, nitakuwa msafi na yeye atakuwa kaburini. Nikitaka apone, lazima nimguse kabla sijakiri kwa yeyote, na ili nimguse lazima akubali.

Hakukubali. Seche alikwenda, akarudi macho mekundu. "Anasema bora afe na heshima yake kuliko mkwe amshike kichwa. Anasema atawaambia nini wenzake kanisani."

"Umemwambia sababu?"

"Nimemwambia mashine imekosea." Alinitazama. "Nilishindwa kusema ni wewe. Nenda ukaseme mwenyewe."

Nilikwenda jua la saa tisa. Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile, nayo ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Nilisimama nyuma ya nyumba, uso ukutani, nikabisha hodi. Nikasikia kanga zikihangaika ndani.

"Shikamoo mama. Ni Yeremia. Sina mtu wa kunisemea leo."

Akajibu kwa sauti iliyopungua mpaka nilidhani ni ya mtu mwingine, "Marahaba mwanangu."

Nikasema. Niliuambia ule ukuta kila kitu, na nilipofika kwa Loi nilisimama, nikajaribu tena, nikasimama, mwishowe nikasema kwa haraka kama anayetapika. Jogoo alikuwa anaparua karibu na mguu wangu. Ndani hapakutoka sauti hata ya pumzi, nikaingiwa na hofu kwamba amezimia, nikataka kuita watu.

"Siku ile nilikuona mlango wa nyuma," alisema Mama Damari.

"Uliniona?"

"Nilikuona unachungulia, ukatia huruma. Nikajikunja zaidi ili upate nafasi ya kupita, nikawaambia na wadogo zangu, inameni, mkwe ana haya. Loi alicheka. Akasema, nitainama mpaka nitambae." Alikohoa. "Tumeheshimiana, mwanangu, mpaka tumeuana."

Nilipiga paji la uso ukutani. Nikasema nisamehe, neno ambalo lilikuwa dogo mno, na yeye hakulijibu.

"Wadogo zangu wanne waliobaki," alisema baadaye. "Hao pia wanakonda?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kesho asubuhi uwapime hao kwanza. Nitawaleta mimi. Atakayekataa nitamshika sikio. Mimi nitakuwa wa mwisho."

"Mama, wewe ndiye mgonjwa zaidi."

"Nimesema wa mwisho," akasema, na hilo likaisha.

5

Walikuja saa mbili, wanawake watano na Sechelela, wamekunja nyuso kama wanaokwenda kung'olewa meno. Sikulala na sikula. Nilinawa mikono mara tatu kwa sabuni, nikanawa tena.

Wa kwanza alifumba macho. Wa pili aliimba tenzi taratibu. Wa tatu alisema, "Haraka, haraka, wewe," na wa nne alilia. Kila mmoja nilimwekea kiganja juu ya kibao, na kwa vile kibao kina tundu katikati, vidole vyangu viligusa nywele zao. Kila mara Nguzo ilitaja urefu wa kweli, kisha maandishi yakatokea kwenye kioo, yakiniuliza sababu ya mabadiliko. Majibu yalikuwa matatu. Mpimwa amebadilika. Kifaa kilikuwa kibovu. Mpimaji hakupima.

Mara nne nilibonyeza kifaa kilikuwa kibovu. Kidole kilikwenda chenyewe. Niliwaza, watu wamepona, namba zimenyooka, nani atanufaika mimi nikifungwa? Seche ana watoto watatu. Kifaa hakina watoto. Nilikuwa nimeshaanza hata kujihurumia.

Wakatoka nje. Mama Damari akaingia akishika ukuta, Seche nyuma yake. Aliziachia kanga mbili zikaanguka, akabaki na moja, akapanda kwenye Nguzo, na akasimama wima.

Sikuwahi kumwona amesimama. Alikuwa mrefu, mama yule, mrefu wa kupendeza, mabega ya watu wanaobeba maji tangu utoto, na katikati ya mabega hayo mifupa ya shingo ilikuwa imetokeza mpaka unaweza kuihesabu. Nilitaka kuinamisha macho. Nikajilazimisha nimwangalie, kazi ambayo nilipaswa kuifanya miezi sita nyuma.

"Weka mkono," alisema.

Nikaweka. Kichwa chake kilikuwa cha moto. "Sentimita mia moja na sitini na nane," ilisema Nguzo. "Shabaha mpya, kilo sitini na mbili. Mpimwa yuko chini ya kiwango. Njaa itarejeshwa kwa hatua." Seche alishusha pumzi, akaegemea mlango, akaanza kulia kimyakimya.

Maandishi yakatokea. Kidole changu kikaenda.

"Kinasema nini hicho?" aliuliza Mama Damari. Macho yake hayasomi bila miwani, na miwani alikuwa ameiacha nyumbani.

"Kinauliza sababu, mama."

"Ya nini?"

"Ya urefu kubadilika."

"Na kinakupa nafasi ya kujibu, au kinajijibu chenyewe?"

Ningeweza kumwambia chochote. Ukweli wa Mungu, ningeweza. Nikamsomea yote matatu.

Alifikiri. Nilihisi anavyofikiri, maana kichwa kilikuwa mkononi mwangu. "Ukisema kifaa ni kibovu, watafanya nini?"

"Wataleta kipya."

"Na huko kata za wenzetu, wapimaji wao wana mama wakwe, au walichipuka kama uyoga?"

Nilimjua wa kata ya pili, tulisoma naye mafunzo, kijana mwenye adabu sana. Nilimjua na wa kata ya tatu. Wote wameoa. Katika watu elfu sitini kulikuwa na wanawake wangapi waliojikunja ili mkwe apite? Jumamosi redio ingekuja kuwataka wamuige mama yangu.

"Ukibonyeza la tatu?" aliuliza.

"Watakagua wakwe wa kila mpimaji, wilaya nzima, leo hiihii. Na mimi watanichukua. Na Loi ataandikwa upya."

"Ataandikwaje?"

"Kwamba nilimuua mimi."

Seche aliniangalia kutoka mlangoni. Alifuta kamasi kwa ncha ya kanga, akaja akasimama upande wangu, bega kwa bega.

Nikabonyeza la tatu.

Kioo kikawa chekundu. "Kiganja kimefungwa," ilisema Nguzo. "Mpimaji asiondoke kituoni." Dakika haikuisha, simu ya Bi Theopista ikaanza kuita mfukoni mwangu, ikaita, ikakatika, ikaita tena. Nje wakwe wanne walikuwa wanaulizana kuna nini.

Nilitaka kuutoa mkono. Nguzo haikuuhitaji tena, na heshima ilikuwa inaudai. Lakini Mama Damari alikuwa ameanza kutikisika chini ya kiganja changu. Alikuwa anamlilia mdogo wake, kwa sauti kubwa, kama alivyokuwa hajamlilia msibani, akimwita Loi, Loi, na hakuniambia niutoe.